Mbao za kitanda cha Dolphine

Ni Ijumaa, saa tatu asubuhi, na mvua ya jana imeacha matope hadi kwenye kizingiti cha karakana. Mwanamume mwenye koti zito anaingia bila kubisha hodi. Anatoa mfukoni kamba ya katani iliyoviringwa vizuri, yenye mafundo mawili, na kuiweka juu ya meza ya kazi.

"Ni ya mama," anasema.

Fundi Monari Gichana haulizi ni mama yupi wala alikuwa na umri gani. Anainyoosha kamba juu ya ubao, anatia alama ya penseli palipo na fundo la kwanza, ambalo ni urefu, kisha la pili, ambalo ni upana wa mabega. Halafu anamrudishia mwenyewe kamba yake kwa mikono miwili.

"Pole sana, omera, ndugu yangu. Pikapu inakuja saa ngapi?"

"Saa nane."

"Utapata. Lakini ukae hapo nje, usiniangalie nikikata."

Hiyo ni kamba ya nne tangu afungue mlango. Hivi ndivyo mambo yanavyokwenda mjini Homa Bay mwaka huu wa 1998, na anayedhani tunatia chumvi na aje asimame hapa Ijumaa moja. Hakuna fundi anayeingia makafani na tepu ya kupimia. Anayeingia ni jamaa wa marehemu, na kamba yake, akampima mtu wake taratibu bila kelele, kisha akaileta kamba karakanani.

Maziko mengi ya huku ni ya Jumamosi. Monari naye ni Msabato. Jua likitua siku ya Ijumaa, randa inawekwa chini, awe amemaliza au hajamaliza. Kwa hiyo kila Ijumaa anakimbizana na jua, na kila Jumamosi anaketi kanisani na tai shingoni, akijua kwamba kazi yake yote ya wiki inafukiwa saa ile ile.

"Watu wanasema Sabato ni ya kupumzika," anasema. "Mimi ndiyo siku naogopa. Siku zingine angalau mikono iko na kazi."

Monari ana umri wa miaka arobaini na saba. Aliteremka kutoka Kisii mwaka wa 1981 akiwa na msumeno mmoja na randa ya marehemu babake, akafungua karakana kwenye barabara inayopanda hospitalini. Hakuja kutengeneza majeneza. Alikuja kutengeneza vitanda, na kwa miaka kumi hivi vilimpa jina. Kila kitanda chake kilikuwa na ndege wawili waliochongwa upande wa kichwani, wakitazamana. Maharusi wa Homa Bay, Rodi na hata Ndhiwa walilala chini ya ndege hao.

Kipande cha bati alichotumia kuchorea ndege bado kinaning'inia ukutani. Kimejaa vumbi la mbao, na ukikipangusa kidogo unaona mdomo wa ndege mmoja.

Kilichoua vitanda ni kanuni moja ya kazi, ambayo Monari mwenyewe aliiweka kwa moyo mwema. Mwenye kitanda anaweza kungoja, mwenye jeneza hawezi. Ilipokuwa ni jeneza moja kwa mwezi, kanuni hiyo haikumsumbua mtu. Kisha yakawa mawili kwa wiki, kisha matano, na wiki mbovu za mwaka jana yalifika tisa. Wateja wa vitanda waliambiwa warudi mwezi ujao, wakarudi, wakaambiwa tena vivyo hivyo. Mwishowe wakaacha kurudi. Wengine walirudi kwa njia ya kamba.

"Kuna mtu aliagiza kitanda Jumatatu," anasema Monari. "Wiki hiyo haikuisha nikamtengenezea hii ingine. Mbao zilikuwa zile zile."

Anaishi peke yake sasa. Mke wake, Mong'ina, aliondoka mwezi wa Machi na binti yao wa miaka tisa, Dolphine, akahamia kwa dada yake mjini Migori. Jambo lililomwondoa halikuwa ulevi wala mwanamke wa pembeni, na labda ingekuwa afadhali.

Siku hiyo Dolphine alikuwa na malaria. Homa ilikuwa imeshuka na mtoto alikuwa amelala chali mkekani, sebuleni, mchana kweupe. Monari alikuja kula. Mong'ina alipotoka jikoni na bakuli la uji, alimkuta mumewe amepiga magoti kando ya mtoto, akimpima kwa shubiri kutoka kisiginoni. Alikuwa ameshamaliza. Kidole chake kilikuwa utosini.

"Mungu ananiona, sikujua nafanya nini," anasema Monari. "Mkono ulienda wenyewe. Nilistuka nikisikia bakuli imeanguka."

Mtu asiye wa huku huenda akaliona hilo dogo. Lakini hapa aliye hai hapimwi akiwa amelala. Fundi wa nguo humsimamisha mtu, na fundi wa kitanda huuliza ukubwa wa godoro. Anayepimwa amelala ni yule ambaye hataamka. Monari analijua hilo kuliko yeyote, na ndiyo maana hajajisamehe.

Tulimpata Mong'ina katika soko la Migori, nyuma ya fungu la ndizi na maparachichi yanayoletwa kutoka kwao Kisii. Ni mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alitujibu huku akihudumia wateja.

"Sijamwacha Baba Dolphine," alisema. "Nimemtoa mtoto kwa ule mkono."

Je, atarudi?

"Nilimwambia atafute mtu akae naye, aongee. Mtu yeyote. Huyo bwana haongei. Anakula ananyamaza, analala ananyamaza. Akikaa na mtu akamaliza hiyo maneno yote iko ndani, nitarudi. Asipokaa, sirudi. Atanipata hapa na ndizi zangu."

Kisha akaongeza jambo ambalo hatukuwa tumeuliza. Tangu wahamie Migori, Dolphine halali amenyooka. Hujikunja, magoti yakigusa kidevu, ingawa mkeka ni mpana na analala peke yake. Akiulizwa, husema ni baridi.

"Migori hii, baridi?" alisema Mong'ina, akatupa ganda la ndizi.

Habari hiyo ilimfikia Monari kupitia kwa dereva wa lori la ndizi. Wiki hiyo hiyo alikwenda kujiandikisha kwa wandani.

Ofisi ya wandani iko nyuma ya soko la Homa Bay, chumba kimoja chenye viti viwili na bango la karatasi mlangoni. Makanisa kadhaa yaliungana kuianzisha. Kila anayejiandikisha hupewa mtu mmoja, wa kwake peke yake, wa kukutana naye kila Jumatano kwa mwaka mzima. Mwandani si daktari, si mchungaji, wala hatoi mkopo. Kazi yake ni kukuuliza uko wapi, unataka kwenda wapi, na umefanya nini tangu mlipoonana. Vijana wa stendi wameshampa jina lao: kocha wa maisha.

"Kwani mimi ni timu ya mpira?" Monari aliwauliza waliomtania.

Jirani yake, Hamud, mzaliwa wa Mombasa anayeuza misumari na vanishi mlango wa pili, alimwambia aache ukaidi. "Bwana Monari, mkeo amekwambia uketi na mtu mzungumze," alisema. "Kuna wanaume huku wameambiwa waache pombe. Wewe umepewa rahisi."

Haikuwa rahisi. Swali la kwanza pale ofisini lilikuwa anajiona wapi baada ya miaka mitano. Monari alicheka. Alicheka hadi binti aliyekuwa akimsajili akasukuma kiti chake nyuma.

"Miaka mitano!" anakumbuka, na safari hii hacheki. "Hapa watu wanaulizana kama mtaonana Jumapili. Mimi nikiangalia mtu anapita hapo nje sioni uso. Naona futi. Futi tano na inchi nne. Futi sita kasoro. Halafu wewe unaniuliza miaka mitano?"

Hata hivyo alikubali kupewa mwandani. Alipotajiwa jina, alisimama akatoka. Mwandani wake alikuwa Truphena Adoyo, na nyuma ya mlango wa karakana ya Monari, lililosimamishwa wima na kufunikwa gunia, kuna jeneza la Truphena Adoyo.

Truphena ana miaka thelathini na tisa na alikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Ndhiwa. Mwishoni mwa mwaka jana alilazwa na kifua kikuu. Hali yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba jamaa walianza kugawana majukumu ya matanga. Hizo ndizo siku mvua ya El Nino ilipokata barabara na mbao zikaadimika mjini. Kaka yake, Barnabas, ni mtu asiyependa kufanya mambo kwa pupa. Aliona heri aagize mapema kuliko dada yake kuzikwa ndani ya plaiwudi. Akaingia wodini na kamba asubuhi, Truphena akiwa amelala.

Lakini hakuwa amelala.

"Nilisikia kamba ikipita hapa kwa shavu," anasema Truphena, akijigusa. "Nikajua ni Barnabas, kwa sababu ya ile harufu ya sigara. Nikafikiria, nikifungua macho sasa, huyu ndugu yangu ataangalia wapi? Basi nikayafunga tu. Nilimwacha amalize."

Kesho yake aliomba uji. Wiki iliyofuata aliomba kuketi. Jeneza lilikamilika Ijumaa na hakuna aliyekuja kulichukua, na baada ya miezi miwili mwanamke mwembamba mwenye fimbo aliingia karakanani akasema amekuja kukiona kitu chake. Monari alitoka kwa mlango wa nyuma, akajificha dukani kwa Hamud mpaka mgeni alipochoka kungoja.

Tangu hapo jeneza hilo halina pa kwenda. Watu wa huku hawawezi kumlaza mtu wao katika sanduku lililopimwa kwa mtu aliye hai, na Barnabas hapiti tena barabara hiyo, hata kama anakwenda hospitalini.

Truphena ndiye aliyeomba apewe Monari. Alisikia habari za Dolphine, kwa sababu mji huu hauna siri, akamwambia mkubwa wa ofisi kwamba huyo fundi ni wake.

"Yeye anafikiri hakuna mtu wa kumwelewa," anasema. "Mimi nimepimwa. Ile kitu mtoto hawezi kumwambia, mimi naweza."

Na hilo hasa ndilo Monari aliloliogopa. Alituambia bila kututazama, akipuliza vumbi kwenye randa iliyokuwa safi tayari.

"Huyu mama alifunga macho ili ndugu yake asiaibike," alisema. "Sasa mimi najiuliza. Dolphine alikuwa amelala kweli?"

Mwandishi wa makala haya ana watoto pia, na hakupenda kulifikiria swali hilo akiwa amesimama mahali pale.

Utaratibu wa ofisi unampa mtu Jumatano tatu za kujaribu. Ya nne ni ya kusema ndiyo au hapana, kwani wanaosubiri ni wengi. Monari hakurudi ofisini hata Jumatano moja. Truphena alimfuata karakanani, akaketi kwenye benchi la wafiwa, na fundi akaendelea kupiga randa kana kwamba hakuna mtu.

Jumatano ya kwanza alimuuliza swali moja tu. Wiki moja ikipita bila kamba, ungetengeneza nini?

Randa ilikwenda na kurudi mara nyingi. Truphena alidhani hakusikika.

"Kitanda cha Dolphine," Monari alisema mwishowe.

"Basi tengeneza."

"Mwenye kitanda anaweza kungoja."

"Anangoja kwa mkeka, jaduong', mzee wangu. Amejikunja."

Siku hiyo Monari alichagua mbao nne nzuri, zisizo na vifundo, akazisimamisha kwenye kona. Kufikia Ijumaa zilikuwa zimekwenda, mbili kwa mzee mmoja na mbili kwa muuza samaki kutoka Takawiri. Wiki ya pili aliweka nyingine nne. Hizo ziliondoka siku iliyofuata, zote kwa wakati mmoja.

"Mtu anasimama hapo na kamba," anasema. "Nimwambie nini? Kwamba hizo ni za kitanda?"

Jumatano ya tatu, ambayo ni juzi, Truphena alivuta gunia nyuma ya mlango, akagonga jeneza lake kwa vidole.

"Tumia hizi," alisema. "Hakuna mtu atakuja kuzichukua."

Hamud anasema alisikia kelele akadhani ni wezi. Monari alikuwa akipiga mayowe, mtu ambaye jirani yake hakuwa amewahi kumsikia akipandisha sauti. Je, mtoto wake alale ndani ya jeneza la mtu? Amemwona yeye ni mwendawazimu? Haitoshi kwamba alimpima, sasa amlaze juu ya mbao hizo? Alisema mengi, mengine kwa Kikisii, na katikati ya hayo alilia.

Truphena aliketi mpaka yakaisha.

"Sawa," alisema. "Kumbe kuna kitu unakataa. Mimi nilifikiria umeshakubali kila kitu." Alisimama, akaegemea fimbo yake. "Basi weka zingine nne. Ukiogopa zitaenda, unipe nikuwekee kwangu. Mimi sitengenezi majeneza."

Monari alimjibu kwamba atafikiri. Aliweka mbao nne kwenye kona. Truphena alizitazama, akatikisa kichwa, kisha akaenda zake.

Hivyo ndivyo tulivyomkuta Ijumaa hii, mbao zikiwa bado pale. Kwa muda wote aliokuwa akizungumza nasi alizipa mgongo. Anakiri kwamba jibu lake la Jumatano ijayo lilikuwa hapana. Alikuwa ameshapanga hata maneno ya kumwambia binti wa ofisini.

"Huyu mama anataka kunirudisha mahali nilikuwa," anasema. "Mimi sijui kama kuko. Hata akili yangu ikirudi, kamba zitakoma? Hazikomi. Nitakuwa mzima, halafu nikae hapa nione vizuri zaidi."

Saa nane pikapu inakuja na mwenye koti zito anaondoka na jeneza la mama yake. Saa tisa linaondoka lingine. Saa kumi mbao za karakana zimekwisha, na zimebaki zile nne tu. Jua bado liko juu ya Mlima Asego.

Kijana mmoja anaingia akitweta. Kamba yake ni ya nailoni, ya bluu, ya kufungia mbuzi.

"Fundi, ni ya baba. Tumetoka mbali. Nimeambiwa wewe ndio unafanya haraka."

Monari anaichukua kamba. Anainyoosha juu ya meza. Tunaona macho yake yakienda kwenye kona, yakirudi kwenye kamba, na mkono wake ukitafuta penseli. Kijana naye ameziona mbao. Tunamsikia Hamud akihesabu misumari upande wa pili.

Monari anaweka penseli chini.

"Sina mbao," anasema.

"Na hizo?"

"Hizo ni za mtoto wangu."

Kijana anarudi hatua moja nyuma. Anainamisha kichwa na kusema pole, tena pole ya kweli, kwa vile ameelewa alivyoelewa. Monari hamsahihishi. Anamrudishia kamba yake, anamshika mkono, anamtoa nje, anamwonyesha fundi wa ng'ambo ya barabara ambaye hashiki Sabato na atafanya kazi hata giza likiingia. Anasimama mlangoni mpaka kijana amevuka.

Anaporudi ndani anakaa kwenye benchi la wafiwa.

"Nimemnyima mtu jeneza la babake," anasema. Analirudia tena. Anaikalia mikono yake.

Kisha anamwita mwenye mkokoteni aliye kando ya duka la Hamud. Mbao nne zinapakiwa, zinafungwa kwa kamba ya katani iliyosahauliwa mezani na mmoja wa wateja wa leo. Anamwelekeza nyumba ya Mwalimu Truphena, nyuma ya soko, na kumtaka amwambie neno moja tu, kwamba fundi atafuata mbao zake Jumatano, na Jumatano inayofuata, mpaka kitanda kiishe.

Jua limeanza kuelekea ziwani. Monari anafagia vumbi, anafunika jeneza la nyuma ya mlango kwa gunia lake, anaondoa kipande cha bati ukutani na kukipuliza. Ndege wote wawili wapo, ingawa mmoja ameliwa na kutu mkiani.

Tunamuuliza kama atakwenda Migori kuchukua kipimo cha mtoto.

"Kipimo ninacho," anasema. "Shubiri sita na vidole vitatu. Nikifumba macho nakiona. Hicho ndicho kitu siwezi kutoa kwa kichwa." Anakitia kipande cha bati kwapani. "Lakini sitakitumia. Nitamtengenezea cha futi sita na nusu, kitanda cha mtu mzima."

Dolphine ana miaka tisa. Tunamuuliza kama anaamini atakuja kukijaza.

Monari anafunga mlango kwa kufuli, analivuta kuhakikisha.

"Siamini," anasema. "Nimetengeneza jeneza nyingi fupi sana. Lakini nataka aingie hapo akute nafasi, alale amenyooka."